Fundi Mrefu Mwenye Mkoba

Ukiwasha televisheni saa ya makala ukamsikia mwanamke anakueleza kwa utulivu jinsi nyangumi anavyonyonyesha, huyo ni yeye. Simba wakiwinda, ni yeye. Mlima ukitema moto na watu wakikimbia na magodoro kichwani, ni yeye pia, na utulivu ni uleule. Filamu zinatoka nje zikiwa na lugha zao, yeye anaketi kwenye kibanda cha kurekodia na kuzisomea Kiswahili juu yake. Ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili. Pale kituoni wanamwita Bi Sauti, na jina limemganda kiasi kwamba hata fomu zake za likizo zinajazwa hivyo na hakuna anayeshtuka.

Miaka ya karibuni nyangumi wamepungua na zimeingia makala za historia ya gemu. Bi Sauti ameshasoma nane, na ukimuuliza atakwambia zote zimefyatuliwa kwenye kalibu moja kama matofali. Inaanza gereji, na ndani yake vijana wawili wenye nywele ndefu wanaounganisha kitu kwenye televisheni ya mama yao. Inafuata picha ya mtoto wa kiume peke yake chumbani, giza, uso una mwanga wa bluu. Kisha unakuja mwaka wa balaa, kinanda kinapigwa taratibu, makampuni yanafungwa, eti dunia nzima imeacha kucheza. Kisha anatokea mkombozi kutoka mbali. Mwisho mzee mwenye kipara anakaa mbele ya rafu ya vitabu, na akimtaja marehemu baba yake sauti inamtetemeka. Mama wa mitambo, yule anayerekodi upande wa pili wa kioo, siku hizi akiona gereji inakuja huinua kidole kumtahadharisha Bi Sauti asicheke ndani ya maiki. Katika makala zote nane wanawake ni wawili tu. Mmoja anaita watoto waje kula, na mwingine anatabasamu kwenye tangazo la zamani, ameshika kitu ambacho ni wazi hajui kinawashwa vipi.

Mtu anayezitazama makala hizo kwa hasira kamili ni dada yake. Wanaishi pamoja tangu dada alipostaafu kazi ya stoo hospitalini, kazi aliyoifanya miaka thelathini bila kupoteza hata bomba la sindano. Ana miaka sitini na miwili, mfupi, miwani kwenye ncha ya pua, na hana subira na upuuzi. Makala ikianza anakunja mikono, na ikifika nusu anauliza swali lake.

"Na zilipoharibika?"

"Dada, mimi nasoma tu."

"Najua unasoma. Nauliza hao wenye nywele. Wametengeneza, wamepata sifa, wamefilisika, wamelia. Sasa hizo mashine zilikuwa haziharibiki? Nani alikuwa anazifungua?"

Haikuwa hamaki ya bure. Alikuwa na haki ya kuuliza kuliko mtu yeyote aliyekaa mbele ya televisheni jioni hiyo, na mdogo wake alijua kwa nini.

Zamani, dada akiwa na miaka kumi na saba na Bi Sauti kumi na mmoja, mjomba wao alikuwa na ukumbi wa gemu. Ulikuwa chumba kirefu katikati ya duka la viatu na studio ya picha, na ndani yake mashine sita zilizosimama, zile za kutumbukiza sarafu. Mjomba alizinunua zikiwa zimeshachoka huko zilikotoka. Kwa hiyo katika mwaka uleule ambao makala zinasema dunia iliacha kucheza, pale kwa mjomba watu walikuwa wanasukumana mlangoni tangu saa nne asubuhi, na kilichoacha kucheza kilikuwa ni mashine. Leo hii inazima, kesho ile inatoa picha kichwa chini. Dada alikuwa ameshajifundisha redio kwa kufungua ya jirani bila ruhusa na kuifunga kabla jirani hajarudi. Akachukua kitabu cha maelezo cha mashine, kilichoandikwa kwa lugha asiyoijua hata neno moja, akafuata michoro. Baada ya mwezi mmoja alikuwa anazijua mashine sita kama mtu anavyowajua ndugu zake, yupi ana gesi na yupi ana kisirani.

Mjomba alifurahi mpaka akakosa usingizi, kisha akaingiwa na hofu. Alikuwa mtu mwema lakini mwoga wa maneno ya watu. Akaona wateja wakijua kwamba mashine zinafunguliwa na msichana wa shule, watahamia kwingine, au wataanza kudai mashine inawaibia. Hapo ndipo akambuni fundi. Mashine ikiharibika, mjomba alifunga mlango na kutuma mtu akamwite rafiki yake, mpima ardhi mstaafu, mzee mrefu wa koti la kijivu na mkoba wa ngozi. Mzee alipita katikati ya wateja, akaitikia salamu kwa kichwa kama mtu mwenye mambo mazito, akaingia ndani. Mkobani alikuwa na ubao wa drafti na kete zake. Yeye na mjomba walikaa chumba cha nyuma wakila kete, na dada aliyepita mlango wa uani alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya mashine, chuma cha kuchomelea nyaya mkononi.

Na mlangoni, juu ya kreti la soda, alisimamishwa Bi Sauti. Sauti yake ilikuwa imeshaanza kufika mbali. "Fundi ameshaingia," alitangaza. "Fundi hapendi kelele. Tafadhali tulieni, fundi anafanya kazi." Watu wazima walinyamaza kwa amri ya mtoto. Ndilo tangazo la kwanza maishani mwake, na lilikuwa uongo kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Aliona raha isiyo kifani, na aibu ilikuja miaka mingi baadaye, polepole, kila alipomwona dada yake akizeeka bila mtu kujua.

Sasa basi. Kituo kikaamua kwamba baada ya makala nane za watu wengine, itengenezwe moja ya hapa hapa. Kazi akapewa mwongozaji mpya, kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye bidii na shati lililonyooshwa. Alizunguka wiki tatu akitafuta watu waliocheza zamani, na wiki hizo tatu Bi Sauti alikuwa likizo kwa binti yake aliyejifungua. Aliporudi Alhamisi asubuhi alikuta skripti mezani, makala inatakiwa kutoka Jumamosi. Akaingia kibandani, akavaa hedfoni, akaanza kusoma palepale kama anavyozoea, bila kupitia kwanza. Ukumbi wa mjomba ulipotajwa ukurasa wa pili, moyo ulimruka kwa furaha. Ukurasa wa tano, mashine zinaharibika. Alikuwa anatabasamu huku anasoma. Ukurasa wa saba sauti ikagoma.

Iliandikwa: "Mara kwa mara alitokea mwanamume mrefu mwenye mkoba wa ngozi. Ndani ya saa moja mashine zilifufuka. Hadi leo, hakuna ajuaye fundi yule alikuwa nani."

"Kikohozi?" mama wa mitambo aliuliza kwenye spika.

"Siyo kikohozi. Niitie mwongozaji."

Mwongozaji alikuja mbio na kikombe cha chai. Bi Sauti akamweleza yote, drafti, mlango wa uani na kreti la soda. Kijana alicheka kwa adabu, kisha akaona Bi Sauti hacheki.

"Bi Sauti, mimi nakuheshimu. Ila nina mashahidi watatu waliomwona kwa macho yao. Mmoja ni hakimu mstaafu."

"Walimwona mpima ardhi akienda kucheza drafti."

"Na makala nzima nimeijenga juu ya yule fundi. Muziki umeshatungwa. Watu wanapenda fumbo, mama."

"Mwanangu, hilo fumbo liko nyumbani kwangu, linanyoosha nguo."

Kijana alijikuna kisogo. Hakuwa mtu mbaya. Alisema hakimu atakuja kesho yake saa tatu kurudia maneno mawili matatu, kwa sababu siku waliyomrekodi jenereta ya jirani ilinguruma. Huyo fundi mwingine aje saa hiyohiyo. Akimshawishi hakimu, skripti itabadilishwa. Asipomshawishi, ukurasa wa saba utasomwa ulivyo, kama si na Bi Sauti basi na msomaji wa taarifa za michezo.

Bi Sauti alifika nyumbani mchana akiwa na maneno mazuri aliyoyapanga njiani. Hayakufaa kitu. Dada alisikiliza huku pasi inatembea juu ya shuka.

"Waache," alisema. "Mjomba aliniomba nisiseme, nikakubali. Ameshalala zake kaburini. Mwache mzee wa watu na mkoba wake wapewe sifa, kwani nitakula sifa mimi?"

"Dada, unataka mimi nisome uongo ule mara ya pili? Mara ya kwanza nilikuwa mtoto."

"Soma. Una sauti nzuri."

Pasi ikaenda, ikarudi. Bi Sauti alikaa kitandani. Alikuwa amekata tamaa kabisa pale dada aliposimamisha pasi.

"Wamesema alikuwa anachukua muda gani?"

"Nani?"

"Huyo mrefu. Kutengeneza."

"Saa moja."

"Saa moja?" Dada aliivua miwani. "Saa nzima? Mimi nilikuwa natumia dakika ishirini. Zile arobaini zilikuwa za drafti, mjomba hakubali kushindwa. Nilikuwa nimeshamaliza, nimekaa sakafuni nimeshika bisibisi, nawasubiri wao wamalize mchezo. Leo naandikwa saa nzima kama mtu anayebahatisha?" Akachomoa waya wa pasi ukutani. "Kesho saa ngapi?"

Walifika saa mbili na nusu. Dada alikuwa amevaa gauni lake la harusi za watu na viatu vinavyombana. Studioni walikuwa wameweka mashine ya zamani ya kukodi kama pambo, imepigwa taa za rangi. Mwongozaji, kwa kumfurahisha, akamwomba aikague. Dada aliigonga ubavuni kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akagonga tena chini kidogo.

"Hii siyo mashine," alisema. "Hii ni kabati. Waliitoa vitu vyote wakaweka televisheni bapa. Hata viatu ungeweza kupanga humu."

Mama wa mitambo alifungua mlango wa nyuma kwa udadisi. Ndani kulikuwa na televisheni bapa na ufagio. Mwongozaji alikunywa chai yake yote kwa mkupuo.

Hakimu mstaafu aliingia saa tatu kamili, mtu wa heshima, tai shingoni, mwendo wa kuhesabu. Miaka thelathini ya kukaa kwenye kiti cha juu ilikuwa bado mabegani mwake. Alipoelezwa alitabasamu kama anavyotabasamiwa mtoto.

"Mama, samahani sana. Mimi nilimwona mwenyewe. Mrefu, koti la kijivu, mkoba wa ngozi. Nilimsalimia."

"Alikuitikia kwa mdomo?"

"Kwa kichwa."

"Basi ndiye. Mpima ardhi. Mdomo wake ulikuwa hauna hata jino moja la mbele, ndiyo maana alikuwa haongei na wateja." Dada alisogea karibu, akamtazama si usoni bali mkononi. "Wewe ulikuwa mtu wa mashine ya tatu."

"Nilikuwa naipenda ya tatu, ndiyo. Wengi waliipenda."

"Wengi walibonyeza kwa kidole. Wewe ulikuwa unapiga kwa kiganja kama anayeua mbu. Kitufe kile nimekibadilisha mara nne kwa mwaka. Nikishaitengeneza nilikuwa nachungulia kwenye tundu la feni ya chumba cha nyuma nione imekubali. Uso wako sikuuona hata siku moja, nauona leo. Ila mkono naujua. Una kovu chini ya kidole gumba."

Hakimu aliutazama mkono wake. Watu wote studioni waliutazama. Mwongozaji alinyoosha mkono akawasha kamera.

"Kovu linaonekana hata sasa," hakimu alisema. "Mtu anaweza kuliona akiwa hapo ulipo. Huo si ushahidi."

"Kweli." Dada aliweka miwani sawa. "Kuna jambo jingine, sema sijui kama linafaa mbele za watu."

"Jambo gani?"

"La uzi."

Mzee aliyewafunga watu miaka thelathini alilegeza tai.

"Uzi gani, mheshimiwa?" mwongozaji aliuliza.

"Zima hiyo kamera," hakimu alisema. Kisha akafikiri, akapumua. "Hapana, acha." Akageukia kamera kama mtu anayesimama upande wa pili wa mahakama kwa mara ya kwanza. "Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilichukua pete ya chuma, zile zinazowekwa kwenye bolti, nikaifunga uzi. Unaitumbukiza mahali pa sarafu, mashine inadhani umelipa, unaivuta, unaitumbukiza tena. Nilicheza hivyo karibu muhula mzima. Siku moja uzi ukakatika, pete ikabaki ndani. Wiki mbili sikukanyaga pale. Kila mlango ukigongwa nyumbani nilidhani ni mwenye ukumbi amekuja kwa baba. Hakuja mtu. Sijawahi kumwambia binadamu yeyote, hata mke wangu."

"Basi aliyejua," dada alisema, "ni aliyeifungua mashine."

Hakimu akakaa sawa kitini, na kwa mara nyingine alikuwa kazini. "Uzi ulikuwa wa rangi gani?"

"Kijani. Nilikuwa nimeshauona kwenye huo mkono wako."

"Niliufunga vipi?"

"Mafundo matatu, la mwisho umelirudisha chini ya la kwanza. Ndiyo maana halikufunguka. Ulikatikia juu, kwenye ukingo wa bati."

Mzee alivua miwani yake akaifuta kwa ncha ya tai, ingawa haikuwa na vumbi.

"Ndiye," alisema, akiielekea kamera. "Yule mrefu nilimwona, lakini fundi ni huyu." Kisha akamuuliza dada, kwa sauti ya chini iliyokuwa ya mvulana wa miaka kumi na minne, "Kwa nini hukunisema?"

"Ningekusema, ningeulizwa nimejuaje."

Hakimu alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, na dada ambaye hacheki ovyo akamfuata, na mama wa mitambo akalazimika kutoka nje kwa sababu kicheko chake kilikuwa kinaingia kwenye kamera. Mwongozaji alikuwa anarukaruka nyuma ya taa kwa furaha. Fumbo lake limevunjika, na alichopata kilikuwa bora mara kumi. Hapohapo aliurarua ukurasa wa saba, akaandika mwingine kwa kalamu akiwa ameegemea kabati la kukodi.

Saa tano Bi Sauti alikuwa kibandani. Upande wa pili wa kioo waliketi mama wa mitambo, mwongozaji, hakimu, na dada aliyepewa hedfoni kubwa zilizofunika mpaka mashavu. Bi Sauti alikuwa ameshasoma matetemeko na mafuriko bila sauti kutikisika, na sasa aliipitia karatasi mara mbili kabla ya kuanza. Alikuwa na furaha na alikuwa na hofu. Akasoma.

"Mwanamume mrefu mwenye mkoba alikuja kucheza drafti. Aliyezifufua mashine, kwa dakika ishirini, alikuwa msichana wa miaka kumi na saba aliyejifundisha mwenyewe." Karatasi iliishia hapo. Yeye hakuishia hapo. "Ni dada yangu. Mimi ndiye niliyesimama mlangoni nikawaambia kwamba fundi ni mtu mwingine."

Mwongozaji aliinua mkono kutaka kusema kwamba msomaji wa makala hajitaji. Akauangalia uso wa dada, akaushusha mkono.

Dada alikuwa amekaa wima, viatu amevivua. Alizikandamiza hedfoni masikioni kwa mikono miwili.

"Rudisha," alimwambia mama wa mitambo.

Ikarudishwa. Alisikiliza amefumba macho.

"Rudisha."

Ikarudishwa tena. Bi Sauti, ndani ya kibanda, alimwona dada yake kupitia kioo akisogeza midomo, anayafuata maneno moja baada ya jingine.

"Rudisha tena."

"Kuna kosa mahali, mama?" mama wa mitambo aliuliza. "Kama lipo tunaweza kurekodi upya."

"Hakuna kosa," dada alisema. "Rudisha tu."